Je, Wajua? Kabla Hujabonyeza "Network reset"

Je, wajua kwamba Windows haikuwa na kitufe cha "Network reset" hadi mwaka 2016? Kililetwa na sasisho kubwa la Windows 10 la Agosti mwaka huo. Kabla ya hapo fundi alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika mistari yake, na mwenye kompyuta akabaki kumtazama kama anayepigiwa ramli.

Je, wajua kitufe hicho hufanya nini hasa? Windows huziondoa kadi zote za mtandao (kwenye mfumo, si chuma chenyewe), kisha huzisakinisha upya na kuzirudisha zilivyokuwa mwanzo. Hukupa dakika 5 uhifadhi kazi zako, halafu kompyuta hujizima na kujiwasha. Ikiwaka, imesahau kila waifai iliyowahi kuijua: ya nyumbani, ya ofisini, ya shemeji. VPN ya kazini huenda ikataka kuwekwa upya, na anwani ya IP uliyoiandika kwa mkono haipo tena. Hapo ndipo kilio huanza, maana nywila ya waifai aliiweka kijana aliyekuja kufunga ruta, na karatasi yake haijulikani ilipo.

Je, wajua unaweza kuichungulia nywila hiyo kabla haijafutika? Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, uandike netsh wlan show profiles. Itatoka orodha ya waifai zote zilizohifadhiwa. Chagua yako, uandike netsh wlan show profile name="JinaLaWaifai" key=clear, ukiweka jina lenyewe ndani ya alama za nukuu. Tafuta mstari wa "Key Content": nywila iko hapo, wazi kabisa. Ipige picha kwa simu. Ukishashangaa urahisi wake, jiulize pia nani mwingine huachiwa kompyuta hiyo ikiwa imefunguliwa.

Je, wajua namba 169.254 inakuambia nini? Andika ipconfig. Ukiona anwani yako ya IPv4 inaanza hivyo, kompyuta iliomba anwani kwenye mtandao, haikujibiwa, ikaamua kujipa yenyewe. Anayepaswa kujibu ni ruta, kwa utaratibu uitwao DHCP. Kwa hiyo mtazame ruta kwanza, pamoja na waya wake. Jaribu waifai hiyohiyo kwa simu. Simu nayo ikikwama, kompyuta haina kosa.

Je, wajua kwa nini kompyuta yako na ya jirani zinaweza kuwa na anwani ileile, 192.168.1.5, zisigombane? Namba zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani tu, pamoja na mafungu mengine mawili, katika waraka wa Februari 1996 uitwao RFC 1918. Nje ya nyumba hazitambuliki. Ilibidi iwe hivyo: anwani zote za IPv4 ni 4,294,967,296, pungufu ya idadi ya watu duniani.

Je, wajua Windows hujuaje kwamba intaneti ipo? Huenda kwenye tovuti ya Microsoft kuchukua faili dogo lenye maneno matatu tu: Microsoft Connect Test. Yakirudi kama yalivyo, mambo ni shwari. Hotelini hurudi ukurasa wa kukutaka uingie, na ndiyo sababu kivinjari hujifungua chenyewe. Basi alama ya "No internet" haimaanishi kila mara kwamba umekatiwa. Huenda ni jaribio hilo tu lililokwama huku tovuti nyingine zikifunguka vizuri.

Je, wajua kuna dawa ndogo zisizofuta nywila? ipconfig /flushdns husafisha kumbukumbu ya majina ya tovuti, basi. netsh winsock reset husaidia hasa pale kirusi au programu ya kuzuia virusi ilipoondolewa vibaya ikaacha mabaki. Amri hiyo ilikuja na Service Pack 2 ya Windows XP mwaka 2004 na mpaka leo inafanya kazi. Mimi ningeanza na hizi mbili, niwashe kompyuta upya, ndipo nikifikirie kile kitufe kikubwa.

Je, wajua kuna faili ambalo "Network reset" hailigusi kabisa? Linaitwa hosts, na liko C:\Windows\System32\drivers\etc. Ukoo wake ni wa zamani. Kabla Paul Mockapetris hajabuni DNS, mfumo wa majina ya mtandao, mwaka 1983, majina ya kompyuta zote za mtandao yaliandikwa kwenye faili moja lililotunzwa na Stanford Research Institute huko California, na wengine wakawa wanalinakili. Hadi leo Windows hulisoma faili lake la hosts kabla ya kuuliza nje. Kirusi kikiandika humo kwamba tovuti ya benki yako iko kwingine, utaweka upya mtandao hadi kuche na bado utapelekwa huko kwingine. Lifungue kwa Notepad. Katika Windows za sasa, faili lisilochezewa huwa na mistari inayoanza na alama ya # tu.

Je, wajua saa mbovu hufanana na mtandao mbovu? Kompyuta ikidhani tuko 2009, itazikataa tovuti zenye HTTPS kwa madai kwamba vyeti vyake vya usalama havijaanza kutumika. Kwenye kompyuta nyingi za mezani tatizo huwa ni betri bapa ya CR2032 iliyoisha. Ni ya volti 3 na bei yake ni ndogo.

Je, wajua Mac haina kitufe kama hicho cha "Network reset"?

Na je, wajua kile kitundu cha Reset nyuma ya ruta ni habari nyingine kabisa? Ukikichoma kwa pini na kushikilia, ruta hurudi kwenye jina na nywila za kwenye stika yake, na inaweza kupoteza jina la mtumiaji na nywila ulizopewa na kampuni ya intaneti. Kama hukuziandika mahali, itabidi uwapigie huduma kwa wateja, tena kwa bando la simu.