Msimkalishe Bibi

Mzee akianguka nyumbani, kikao cha familia hakichukui muda. Atanunuliwa kiti kizuri, atapewa mjukuu wa kumletea maji, na shambani ataambiwa asikanyage tena. "Bibi, wewe pumzika, sisi tupo." Maneno hayo yanatokana na mapenzi, na mwenye mzazi aliyevuka miaka sabini ama ameshayasema au atayasema. Lakini mwili wa mzee haujui mapenzi. Unachojua ni kwamba haujatumwa kazi, na mguu uliokuwa ukiyumba kidogo, baada ya miezi ya kukaa, unashindwa hata kuinuka kitini.

Kuanguka si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Katika vifo vya ajali, ni barabara tu zinazoua zaidi. Asilimia zaidi ya 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaokufa zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Huku kwetu kifo cha namna hii mara nyingi hakitajwi kwa jina lake. Bibi aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, akalala kitandani wiki kadhaa, nimonia ikamvamia. Msibani watu watasema alisumbuliwa na kifua.

Kusimama wima ni kazi ya watatu. Macho yanauarifu ubongo mwili uko wapi. Sikio la ndani, lenye mifereji mitatu iliyojaa majimaji, linahisi kichwa kinapogeuka au kuinama. Nyayo, vifundo na misuli ya miguu navyo vinapeleka habari za ardhi: imeinama, inateleza, ina kokoto. Ubongo unazipokea taarifa zote na kuirekebisha misuli kabla mwenyewe hajatambua kuwa alikuwa anakwenda chini. Katika karne ya 19, daktari Mjerumani Moritz Romberg alieleza kipimo ambacho madaktari wanakitumia hadi leo: mgonjwa anasimama miguu pamoja, kisha anafumba macho. Akianza kupepesuka, ni dalili kwamba miguu yake haileti tena habari za kutosha na macho ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia.

Sasa mfikirie mzee mwenye kisukari cha miaka mingi, nyayo zimekufa ganzi, na jicho moja lina mtoto wa jicho. Mchana anajimudu. Umeme ukikatika usiku akiwa anaelekea chooni, kati ya wale watatu amebaki na mmoja.

Habari njema ni kwamba uwezo huu hufundishika, hata uzeeni sana. Katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, watafiti waliwachukua wanawake wenye miaka 80 na zaidi, wakawapa mazoezi ya kuimarisha miguu na ya kusimama imara, wayafanye nyumbani kwao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997, na majaribio yaliyofuata yalipojumlishwa, kuanguka kulikuwa kumepungua kwa takriban asilimia 35. Mwaka 2019 mapitio ya majaribio 108 yaliyohusisha watu zaidi ya 23,000 yalionyesha kuwa mazoezi kwa ujumla hupunguza kuanguka kwa asilimia 23, na yaliyothibitika vizuri zaidi ni yale yanayoupa mwili shida ya kusimama.

Hapo ndipo familia nyingi zinapokosea. "Mzee wetu anatembea kila siku hadi msikitini na kurudi, mazoezi gani tena?" Kutembea kuna faida kwa moyo, kwa presha na kwa kukutana na watu. Lakini mapitio hayohayo hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kutembea pekee kunazuia kuanguka. Njia ya msikitini mwili umeshaizoea. Unachojifunza mwili ni pale unapokaribia kuyumba, ukajirudisha.

Kwa hiyo mzee ashike ukingo wa meza nzito au kiti kilichoegemezwa ukutani, mtu akiwa karibu. Asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akizoea, aachie mkono mmoja, kisha abaki na kidole tu. Baadaye ajaribu mguu mmoja. Atembee ubavu-ubavu kando ya ukuta. Muhimu kuliko yote, ainuke kitini na kuketi tena bila kusukuma kwa mikono, mara kadhaa. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya aina hii siku tatu au zaidi kwa wiki. Zoezi likishakuwa rahisi limekwisha faida, liongezwe ugumu.

Wapo watakaosema bibi zetu wamebeba ndoo kichwani maisha yao yote. Ni kweli, na mwaka 1986 watafiti walioandika katika jarida la Nature walishangazwa na wanawake wa Kijaluo na Kikuyu nchini Kenya waliobeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Ila ufundi ule ulijengwa tangu utotoni na ulilindwa na kazi ya kila siku. Bomba likifika uani, nao unaanza kupotea. Wala simshauri mtu arudi kwenye ndoo, shingo nyingi zimeumia.

Mazoezi peke yake hayatoshi. Anayeona dunia inazunguka, au anayepata kizunguzungu akisimama, amwone daktari kwanza, kwani dawa za presha na za usingizi nazo huangusha watu. Ndala zilizolika zitupwe, mkeka uliojikunja uondolewe njiani, na chooni kuwekwe pa kushika.

Serikali nazo zina la kufanya, na halihitaji jengo jipya. Kwenye kliniki za presha na kisukari wazee wanakaa kwenye benchi tangu alfajiri wakisubiri kuitwa. Mtaalamu wa fiziotherapia, au muuguzi aliyefundishwa naye, anaweza kuwainua kwa nusu saa foleni ikiendelea na kuwaonyesha mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani. Vifaa vinavyotakiwa ni kiti na ukuta, na kliniki zetu zinavyo vyote viwili.