Reli ya Butere Yafunza Sayansi: Mbona Garimoshi Halisimami Papo Hapo?

Watoto wa mjini wakipelekwa mashambani wakati wa likizo huwa na maswali chungu nzima, na mzazi asiyejiandaa hukwama. Ikiwa safari yenu ni ya Butere, Kakamega, majibu ya maswali mengi yamelala chini kwenye kokoto. Ni zile pau mbili za chuma za reli iliyofika mji huo kutoka Kisumu mwaka wa 1930. Ina urefu wa kilomita 69 hivi na inaishia hapo hapo Butere.

MLIMA WA MASENO

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Garimoshi likiondoka huko kuelekea Butere huwa na kibarua kigumu, kwa sababu Maseno, mahali ambapo ikweta inapita, iko karibu mita 1,500.

Dunia huvuta kila kitu chini. Ukitaka kukiinua lazima utumie nguvu, ambayo walimu wa sayansi huiita kani, na kazi hiyo hula nishati. Chukua tani moja ya sukari, yaani magunia 20 ya kilo 50. Kuipandisha kutoka Kisumu hadi Maseno kunahitaji nishati inayokaribia yuniti moja ya stima, kama ile mnayonunua kwa matumizi ya nyumbani. Hapo hatujahesabu ile inayopotea njiani kwa joto.

Je, nishati hiyo imekwisha? La. Mzigo umeiweka akiba kwa vile uko juu. Garimoshi likianza kuteremka, akiba hiyo hugeuka kuwa mwendo. Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo huo kuwa joto, na ndiyo maana breki huchemka.

CHUMA JUU YA CHUMA

Gurudumu la garimoshi hugusa reli mahali padogo sana, panapokaribia ukubwa wa sarafu. Chuma hakibonyei kama mpira wa gari, kwa hivyo kinachozuia gurudumu kuviringika ni kidogo. Hii ndiyo siri ya injini moja kuvuta mabehewa mengi.

Lakini faida hiyo ina hasara yake. Chuma hakishiki chuma kama mpira unavyoshika lami, na mvua ikinyesha magurudumu huteleza. Ndipo injini hubeba mchanga mkavu wa kumwaga kwenye reli ili msuguano uongezeke. Hata hivyo, garimoshi zito linalokwenda kilomita 60 kwa saa linaweza kuhitaji mamia ya mita kabla ya kusimama. Dereva akimwona mtoto relini atapiga honi na kufunga breki, lakini hawezi kukata kona kumkwepa.

SAUTI NDANI YA CHUMA

Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde. Ndani ya chuma hufikia karibu mita 5,000. Ndiyo sababu baadhi ya watoto hutega sikio kwenye reli ili wasikie garimoshi lingali mbali. Mtoto, usithubutu! Jaribu nyumbani: weka sikio juu ya meza ya mbao, mwenzako aikwaruze polepole kwa ukucha upande wa pili. Kisha inua kichwa asikwaruze zaidi ya hapo, ulinganishe. Somo ni lile lile, bila hatari.

Reli ya Butere imekuwa na misimu ya kazi na misimu ya kimya. Kimya hicho huwafanya watu waigeuze kuwa njia ya miguu. Mfunze mtoto kwamba reli iliyonyamaza si reli iliyokufa.

JARIBIO LA UBAO

Tafuteni ubao mrefu ulio laini, gari la kuchezea na mkeka. Inueni upande mmoja wa ubao sentimita 10 kutoka sakafuni, mwachilie gari kutoka juu, kisha mpime limekwenda umbali gani juu ya mkeka. Halafu inueni ubao hadi sentimita 40 na mrudie.

Mara ya pili, gari hufika chini likiwa na kasi maradufu tu. Lakini umbali litakaokwenda mkekani utakaribia mara nne! Hii ndiyo kanuni ya kukumbuka: kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya mwendo huongezeka mara nne.

Kanuni hiyo haimwachi yeyote, hata bodaboda anayewapeleka kwa nyanya. Kwenye lami kavu, pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa huhitaji kama mita 10 kusimama baada ya breki kushika. Ikiwa inakwenda kilomita 80 huhitaji kama mita 40. Na kabla ya breki kushika, dereva huchukua karibu sekunde moja kutambua hatari. Katika sekunde hiyo pikipiki ya kilomita 80 imeshakula mita 22.

Kwa hivyo, mzazi, usione haya kumwambia dereva apunguze mwendo. Na wewe mtoto, ukitaka kuvuka barabara au reli, simama, tazama pande zote mbili, sikiliza, na usubiri kinachokuja kipite. Wewe unaweza kusimama kwa hatua moja, chenyewe hakiwezi.