Mchezo wa Maneno Matamu

Kijana mmoja hapa Mwanda aliniuliza, "Mchungaji, neno la Kiingereza 'flirt' ni nini kwa Kiswahili?" Nilikwama.

Si kuchumbia, maana mchumbiaji akusudia kuoa, na mwisho hutuma wazee. Si kutongoza, maana mtongozaji ana jambo analolitaka. Neno hili ni kuonyesha mapenzi kwa macho, kicheko na maneno matamu, bila kukusudia lolote. Katika karne ya 16 Waingereza walilitumia kwa kurusha kitu ghafula. Katika karne ya 18 likaingia katika mambo ya mapenzi.

Lakini je, mwenzako ajua kwamba unacheza? Binti mmoja alikataa posa ya kweli akimngoja kijana aliyekwenda kufanya kazi Voi. Kijana aliporudi alisema, "Nilikuwa nikifanya mzaha tu." Mithali 26:18-19 yamfananisha mtu kama huyo na mwenda wazimu arushaye moto na mishale.

Vijana, kucheka pamoja si dhambi. Lakini sisi wa milimani twaijua baridi: usiwashe moto katika moyo wa mtu, kisha ukamwacha auote peke yake.

Bwana awabariki.