Singida Wakati wa Mvua

Msafiri anayetoka Kenya huingia Singida kwa barabara inayopitia Namanga, Arusha, Babati na Katesh, chini ya Mlima Hanang. Mkoa huu wa katikati ya Tanzania ulianzishwa mwaka 1963, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2. Sisi tumezoea kugawiwa mvua mara mbili, masika na vuli. Wao wana msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hupata kama milimita 500 hadi 800. Ikipita bila kunyesha vya kutosha, ni kungoja mwakani. Ndiyo maana sikumsikia mtu akiilaani mvua, hata pale magari yalipokwama.

Mji wenyewe umekaa kati ya majabali makubwa na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Pembeni yake ni mashamba ya alizeti ya Wanyaturu. Kaskazini zaidi, Iramba na Mkalama, ni kwa Wanyiramba.

Kwenda Mto Sibiti, shika barabara ya Nzega hadi Iguguno, kisha ukate kulia kuelekea Nduguti. Mwendo unapungua hapo. Korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi hujaa maji mekundu alasiri, na dereva mwenye busara huzima injini, akapima kina kwa fimbo, akasubiri yapungue. Kwenye mbuga, udongo mweusi hunasa matairi hadi kwenye ekseli. Usione aibu kumuuliza mchunga ng'ombe njia. Yeye ndiye ajuaye palipo pagumu.

Malazi ya upande huo ni chumba cha matofali, paa la bati, chandarua na ndoo ya maji ya moto. Mezani kuna ugali wa mtama, mlenda na kuku wa kienyeji, ambaye sifa zake zimefika Dar es Salaam.

Sibiti hutoka Ziwa Kitangiri, ukapita karibu na nchi ya Wahadzabe na kumwaga maji yake Ziwa Eyasi. Eyasi halina pa kutokea: jua huyachukua maji, likaacha chumvi. Kusini mwa mkoa mambo ni mengine, kwani Mto Kizigo huingia Ruaha Mkuu, na kupitia Rufiji maji yake hufika Bahari ya Hindi. Juu ya Sibiti sasa kuna daraja linalounganisha Mkalama na Meatu, mkoani Simiyu. Kwa mkulima, maana yake ni kwamba gunia la alizeti linaweza kuvuka hata mto ukiwa umefurika.

Wageni wengi huja kiangazi, wakaona vumbi, wakaondoka wakisema Singida ni nchi kame. Nendeni Machi, alizeti ikiwa imechanua, mkiwa na siku za ziada. Nchi inayoishi kwa msimu mmoja haijulikani ila ndani ya msimu huo.