Gharama za Hospitali Marekani (2): Jimbo Linalopanga Bei

Juma lililopita tuliona kwamba hospitali moja Marekani hutoza upasuaji uleule bei tofauti kwa kila bima. Maryland haina mchezo huo. Sheria ya mwaka 1971 iliunda tume ya kupanga bei za hospitali, na tangu 1977, kwa kibali cha serikali kuu, bei hizo zinawahusu walipaji wote, ikiwamo Medicare, bima ya umma ya wazee. New York na New Jersey nazo zilipanga bei, kisha zikaacha miaka ya 1990 kwa imani kwamba ushindani ungezishusha. Haukuzishusha.

Hata hivyo Maryland ilikuwa na tundu. Kibali kilipima gharama ya kila mgonjwa aliyelazwa, si idadi ya wanaolazwa. Hospitali iliyobanwa kwenye bei ilifidia kwa wingi wa vitanda vilivyojaa. Mwaka 2014 jimbo likageuza hesabu: kila hospitali hupangiwa mapema mapato ya mwaka mzima. Wagonjwa wakizidi, bei hushushwa. Wakipungua, hupandishwa, ili jumla ibaki ilipowekwa. Mgonjwa wa kisukari anayerudi wodini kila mara akawa mzigo kwa hospitali, na kumfuatilia nyumbani kabla hajazidiwa kukaanza kulipa. Huo ndio werevu wa mpango mzima.

Massachusetts ilichagua upole. Sheria ya 2012 huweka lengo la ukuaji wa gharama, 3.6% kwa kuanzia, na anayelivuka anaweza kutakiwa kueleza atakavyojirekebisha. Akikaidi, faini haizidi dola 500,000. Kwa mtandao wa hospitali unaoingiza mabilioni, hizo ni hela za chai.

Mimi navutiwa zaidi na Montana. Mwaka 2016 bima ya watumishi wa jimbo iliacha kuomba punguzo kwenye bei ambazo hospitali zimejipangia. Ilianza na malipo ya Medicare, ikapanda hadi wastani wa 234% yake, basi. Oregon ilifuata 2019 kwa kikomo cha 200%. Hapa haihitajiki tume; anahitajika mnunuzi asiyetetereka hospitali ikitishia kujitoa. Waliofuatilia mvutano wa kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) na hospitali binafsi Tanzania, Machi 2024, wanajua uzito wa tishio hilo. Montana, hospitali kubwa iliyogoma hadi dakika za mwisho nayo ilisaini.

Juma lijalo: malipo ya madaktari, ambayo tume ya Maryland haiyapangi.