Shimo Katika Bati ni Somo Tosha

Kuna swali moja ambalo limenisuta kwa miaka mingi. Nilikuwa nikifundisha fizikia katika kidato cha pili, pale kijana mmoja aliponyosha mkono na kusema: "Mwalimu, bati la duka letu lina alama mbili. Jiwe kubwa walilotupa majambazi liliacha kibonyeo tu, lakini risasi, iliyo ndogo kama ncha ya kidole, ilipenya. Mbona kikubwa kishindwe na kidogo kifaulu?"

Nilimjibu kwamba hilo halimo katika mtihani. Darasa likaangua kicheko. Kijana yule hakunyosha mkono tena, na leo ningependa kulilipa deni hilo.

Jibu lenyewe si gumu. Nishati ya kitu kinachokwenda hutegemea tungamo lake na kasi yake. Nayo kasi ikiongezeka maradufu, nishati huwa mara nne. Tena kuna suala la muda. Jiwe huenda polepole, basi bati hupata nafasi ya kupinda. Kishindo husambaa katika eneo pana na nishati huishia katika kule kupinda. Risasi haitoi nafasi hiyo. Kabla sehemu za kando hazijapata habari, pale ilipogonga pamekwisha kukatika. Kitu chenye kichwa butu hukata kipande cha mviringo mfano wa sarafu. Chenye ncha hupasua bati na kulikunja kama petali za ua. Anayetaka ushahidi na atazame upande wa chini wa bati lililopigiliwa msumari.

Ajabu ni kwamba huko kutoboka kwaweza kuwa ngao. Mnamo 1947, mwanafalaki wa Marekani, Fred Whipple, alipendekeza chombo cha angani kivishwe bamba jembamba, lililotengwa na ukuta wake kwa nafasi tupu. Chembe inayokuja kwa kasi kubwa mno hulitoboa bamba hilo, lakini yenyewe huvunjika vipande na hata kuyeyuka. Kinachoufikia ukuta ni wingu la vumbi lililotawanyika.

Machi 1986 chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kilipita takriban kilomita 600 kutoka kiini cha nyotamkia ya Halley, kwa kasi ya kilomita 68 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, chembe ya gramu moja hubeba nishati sawa na gari la tani moja linalokwenda kilomita 245 kwa saa. Ngao yake ya mbele ilikuwa bamba la alumini lenye unene wa milimita 1 tu, na nyuma yake, baada ya sentimita zipatazo 25, tabaka la Kevlar la milimita 12. Chombo kilitikiswa na kamera yake ikaharibika, lakini kilinusurika.

Walimu wenzangu, haya yote yalikuwa ndani ya swali la kijana yule. Mtihani una haki yake, wala sisemi tuupuuze. Lakini mwanafunzi akileta swali kutoka paa la kwao, tutoke naye nje tukalitazame bati. Nanyi wanafunzi, msichoke kuuliza, hata mwalimu akikosea kama nilivyokosea mimi.