Rangi ya Gari Kuukuu na Chumvi ya Bahari

Juma lililopita tulipita katika gereji moja ya mjini Unguja, tukakuta gari ambalo vijana wengi waliokuwapo hawakulijua hata jina. Lilikuwa Datsun 240Z, gari la mbio la milango miwili, lenye boneti ndefu na mgongo ulioteremka kama wa papa. Rangi yake nyekundu ilikuwa imepauka hata ikafanana na vumbi la tofali. Fundi alikuwa amekwisha kushika msasa mkononi. Mwenye gari, mzee aliyelivusha kutoka Mombasa, alisimama kando akauliza kwa upole, "Mwanangu, hakuna njia nyingine?" Fundi akamjibu, "Mzee wangu, rangi hii imekufa."

Je, rangi ile ilikuwa imekufa kweli? Swali hili tunaona lina uzito zaidi ya gari moja.

Kwanza inafaa wasomaji wetu vijana waelewe kuwa gari hilo si geni katika Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalishindwa na Datsun 240Z mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Mara hiyo ya pili Mehta alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun ya aina nyingine, na ushindi ukaamuliwa kwa kutazama nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Wazee wetu wengi waliyasikiliza hayo katika redio. Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa huko Japani, na mwaka 2013 kampuni iliyoliunda ililifanyia kazi likaweza kutembea tena. Wenzetu wameona kuwa chuma kile kina thamani. Ni chuma kilichopitia tope la kwetu.

Turudi kwenye rangi. Magari ya siku hizi hupigwa rangi, kisha juu yake likapulizwa tabaka la vanishi isiyo na rangi. Rangi nyekundu ya gari lile haikufunikwa hivyo. Iliyo juu ndiyo rangi yenyewe. Jua likiipiga miaka mingi, gundi inayoshikanisha chembe za rangi huchakaa juu juu, na chembe hubaki kama unga. Unga huo ndio weupe unaoonekana. Chini yake rangi huwa ingali hai. Ushahidi wake ni rahisi: chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, usugue mahali padogo pasipoonekana. Kitambaa kikitoka chekundu, na pale uliposugua pakang'aa, basi rangi ipo. Kitambaa kikitoka chekundu na papo hapo praima ya kijivu ikachungulia, basi imekwisha, na hapo maneno ya fundi ni ya kweli.

Hapana budi kusema kwamba unene wote wa rangi ya gari ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Kila ukisugua unapunguza, na ukishapunguza hairudi. Ndiyo maana tunasikitika kuona msasa ukiwa dawa ya kwanza wakati ungepasa kuwa ya mwisho.

Kabla ya polishi huja kuosha, na hapa sisi watu wa visiwani tuna la kujifunza zaidi kuliko watu wa bara. Upepo wa bahari huleta chumvi usiku na mchana, nayo chumvi hunyonya unyevu na kuufanya uwe mwepesi zaidi wa kula chuma. Hailiachi gari kwa kulifuta. Kulifuta gari kavu kwa kitambaa, kama tunavyoona kila asubuhi nje ya maofisi, ni kuusugua mchanga juu ya rangi. Gari lianzwe kwa maji baridi mengi, tena kuanzia chini: ndani ya madigadi, chini ya milango, mahali ambapo matope hukaa yakalea kutu. Datsun hizi zina sifa mbaya ya kuoza sakafu na kingo za chini, na kutu hiyo hutokea ndani kabla haijaonekana nje. Kisha ziwe ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji, ili mchanga usirudi mwilini mwa gari. Kazi ifanywe kivulini. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, kwa sababu huondoa nta yote inayoikinga rangi. Mafuta ya taa nayo hung'arisha kwa saa chache, kisha hukamata vumbi. Na kinyesi cha kunguru, ambao kisiwa hiki hakijapungukiwa nao, kiondolewe siku hiyo hiyo kwa maji, kisingoje Ijumaa.

Rangi iliyokauka sana hupakwa kwanza mafuta maalumu ya kuilainisha, ikaachwa usiku kucha. Asubuhi husuguliwa kwa polishi laini, kwa mkono, kipande kwa kipande, na mwisho hupakwa nta. Pembe na mikunjo ya bodi hupitiwa kwa wepesi mno, maana hapo rangi ni nyembamba kuliko popote.

Sasa tunageukia jambo linalotusumbua zaidi, nalo linawahusu wakubwa wetu serikalini. Pale ambapo rangi haina budi kupigwa upya, nani anaipiga, na anavuta hewa gani? Rangi nyingi za miaka ile zilitiwa risasi, na msasa mkavu huirusha hewani ikaingia mapafuni na kuchukuliwa nyumbani katika nguo. Msasa wa maji hupunguza hatari hiyo sana. Rangi za leo za kuchanganya na kigumisho zina kemikali ziitwazo isosayanati, ambazo ni miongoni mwa sababu kubwa za pumu ya kazini duniani. Mtu akishapata maradhi hayo, hata mvuke kidogo unaweza kumfunga pumzi. Kitambaa alichojifunga kijana puani hakizuii kitu. Kinachofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, na chumba cha kupulizia kisichokuwa mlango wa pili wa duka la chakula. Tunaziomba idara zinazohusika na usalama wa wafanyakazi zizitembelee gereji hizi kwa nia ya kufundisha kabla ya kutoza faini, na vyuo vya ufundi vilitie somo hili mahali pake, yaani siku ya kwanza.

Wapo watakaosema kuwa hizi ni anasa za watu wenye magari ya maonyesho. Hatukubaliani nao. Gari la wagonjwa na lori la maji hupigwa na upepo ule ule, na tumeyaona magari ya umma yakifunikwa kutu kwa rangi ya brashi, yakapendeza siku ya sherehe na kutoboka kabla ya mwaka kwisha. Kisiwa kilichoshuhudia sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, ikiporomoka tarehe 25 Desemba 2020 kinajua gharama ya kuahirisha matengenezo.

Katika gereji ile, fundi aliuweka msasa chini, nadhani kwa heshima ya mvi kuliko kwa kuamini. Wakajaribu upande wa kushoto wa boneti, na kitambaa kikatoka chekundu. Tulipopita tena juzi, boneti nzima ilikuwa iking'aa, na fundi mwenyewe ndiye aliyetuita tuitazame. Sakafu imetoboka chini ya kiti cha dereva. Hiyo itakatwa na kuchomelewa bati jipya, kisha kingo za chini zipulizwe rangi. Kazi hiyo imewekwa hadi masika yaishe, kwani rangi ikipulizwa katika hewa yenye unyevu mwingi hushika ukungu mweupe.